Nguo za safari ya ndege ya usiku kutoka JKIA

Simama nje ya jengo la kuondokea pale JKIA, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi, mwendo wa saa tatu usiku na utawaona wasafiri. Suti mpya, buti zilizofungwa hadi juu, jinzi iliyokaza, na ukoo mzima umejipanga kupigwa picha na msafiri. Picha huchukua dakika tano. Kiti kitakuchukua saa 8 hadi 9 ukielekea London au Amsterdam, na karibu saa 15 ukienda New York moja kwa moja. Sina ugomvi na picha. Piga, kisha ingia chooni pale uwanjani kabla ya kupanda na ubadilishe nguo. Choo cha ndege ni chembamba mno: ukiinama kuvaa suruali kichwa kinagonga mlango, na sakafu huwa imelowa.

Watu wengi wakifikiria nguo za ndege huanza na sweta. Mimi naanza na miguu, maana ndiyo inayoharibu usiku. Vigimbi ni kama pampu: kila unapopiga hatua vinakaza na kusukuma damu irudi juu. Ukikaa tuli, pampu inalala, na maji yanatuama kwenye vifundo na nyayo. Ndiyo maana kiatu kilichokutosha vizuri Nairobi kinakataa kuingia asubuhi. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba hatari ya damu kuganda kwenye mishipa huongezeka karibu maradufu baada ya kukaa tuli safarini kwa saa 4 au zaidi, iwe ndani ya ndege, basi au gari. Kwa mtu mwenye afya hatari yenyewe bado ni ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000, lakini kuvimba kwa miguu huwapata wengi.

Dawa yake ni soksi za kubana zinazofika chini ya goti. Kwa msafiri wa kawaida tafuta zilizoandikwa 15–20 mmHg. Hicho ndicho kipimo cha nguvu ya kubana, na soksi isiyo na namba hiyo ni soksi ndefu tu, hata kama pakiti ina picha ya ndege. Saizi haifuati namba ya kiatu peke yake. Chukua utepe wa fundi, pima mzunguko wa mguu pale palipo pembamba zaidi juu ya kifundo, kisha pima kigimbi palipo panene, ulinganishe na jedwali la kwenye pakiti. Pima asubuhi mara tu unapoamka, kabla miguu haijavimba. Ukipima jioni utanunua kubwa na hazitafanya kazi. Kuzivaa nako kuna namna yake. Geuza soksi nje ndani mpaka kisiginoni, ingiza vidole na kisigino vikae sawa, kisha vuta kidogo kidogo kwenda juu bila kuacha makunyanzi. Kosa kubwa ni kuikunja ile sehemu ya juu kwa sababu imezidi urefu. Mkunjo unabana mara mbili mahali pamoja, na badala ya kusaidia damu ipande, unaizuia kama kamba. Mwenye kisukari kilichopunguza hisia miguuni, au mwenye mishipa ya miguu iliyoziba, amwone daktari kwanza kabla ya kuzivaa. Aliyewahi kugandwa na damu naye, na mjamzito pia.

Viatu viwe vya kulegeza: raba za kamba, au za kuchomeka mguu zenye kitambaa kinachonyumbuka. Zisiwe mpya. Ukaguzi wa JKIA ni zaidi ya mara moja, na mara nyingi utaambiwa uvue viatu na mkanda, kwa hiyo buti la tundu kumi na mbili litakuchelewesha wewe na foleni nzima iliyo nyuma yako. Wakati wa kupaa na kutua kaa na viatu miguuni. Likitokea la kutokea na mkaambiwa mtoke, hutapata nafasi ya kuvitafuta chini ya kiti, na nje huenda kuna vyuma, vioo na moto. Visigino virefu navyo huvuliwa kabla ya kuteleza kwenye mtelezo wa dharura, kwa sababu vinaweza kuutoboa, kwa hiyo aliyevaa hivyo atakimbia pekupeku. Katikati ya safari vua viatu ukitaka, lakini usiende chooni na soksi. Unyevu ulio kwenye sakafu ile si lazima uwe maji. Malapa mepesi ya raba kwenye mfuko wa kitambaa hayana uzito wowote.

Sasa kiuno. Hewa ndani ya ndege haiko sawa na ya ardhini. Hushinikizwa hadi ifanane na ya mahali palipo mita 1,800 hadi 2,400 juu ya bahari. Uwanja wa JKIA wenyewe uko mita 1,624, kwa hiyo mtu wa Nairobi hashtuki sana: gesi iliyo tumboni mwake hutanuka kama sehemu moja ya kumi. Yule atakayepanda ndege ya kurudi kutoka mji ulio kando ya bahari, yake inaweza kutanuka kwa karibu theluthi. Ongeza soda, ongeza githeri ya mchana, ongeza kukaa umejikunja, na utaelewa kwa nini kifungo cha suruali kinakuwa adui saa nane za usiku. Vaa suruali yenye lastiki pana au kamba kiunoni. Ijaribu nyumbani ukiwa umekaa, si umesimama mbele ya kioo: kaa nusu saa kwenye kiti cha kulia chakula, egemea nyuma, kunja goti moja. Ikikukata popote, iache.

Jinzi ndiyo mbaya kuliko zote. Mishono yake ya kando ni minene, vijipini vyake vya chuma vinachoma nyonga, na ikimwagikiwa juisi haikauki mpaka mfike. Taitsi nazo ni laini, lakini nyingi ni za nailoni au poliesta, na hizo zikipata moto huyeyuka zikashika ngozi. Pamba na sufi huungua bila kuyeyuka. Ni ajali chache sana, sawa, ila unapochagua kati ya nguo mbili zenye raha ileile, chagua ya pamba. Pochi itoke mfuko wa nyuma. Ukiikalia usiku kucha utateremka ukichechemea. Simu iwekwe kwenye mfuko wenye zipu, kwa sababu ikidondoka kwenye mashine ya kiti na kiti kikasogezwa, betri inaweza kupondeka na kuwaka. Ikidondoka usiguse kiti. Mwite mhudumu.

Upande wa juu wa mwili unahitaji tabaka tatu nyembamba kuliko moja nene. Usiku wa Julai Nairobi unaweza kushuka hadi nyuzi 11 au 12, ndani ya jengo la uwanja kuna joto la watu, ndege ikiwa imesimama bado hewa huwa nzito, kisha mkishapaa ubaridi unaingia, hasa kwa aliye dirishani au karibu na mlango wa dharura, ambako ubaridi huanzia nyayoni. Tabaka la ndani liwe fulana ya pamba nyembamba, au ya sufi laini ukiipata. Sufi inashinda kwa sababu hubaki na joto hata ikiwa na jasho, na haishiki harufu upesi. Tabaka la pili liwe la kufunguka mbele kwa zipu au vifungo. Sweta la kuvalia kichwani lina shida moja ambayo huijui mpaka uwe kiti cha katikati: huwezi kulivua bila kumpiga jirani kiwiko. La tatu ni leso, yaani khanga, au kikoi.

Sufi nzuri haihitaji pesa nyingi. Iko Gikomba na Toi, masoko ya mitumba ya Nairobi, kwenye marundo ya masweta, mradi ujue kusoma lebo. Baadhi ya nguo za mitumba zimetoka Ulaya, kwa hiyo neno la sufi huweza kuwa kwa lugha nyingine: laine ni Kifaransa, lana ni Kiitaliano au Kihispania, Wolle au Schurwolle ni Kijerumani. Hapo kwenye Kijerumani kuna mtego: Baumwolle si sufi, ni pamba. Ukiona Polyacryl, hiyo ni plastiki iliyosokotwa ikafanana na sufi. Inatoa joto, lakini ukitoa jasho inabaki kunuka, na kwenye hewa kavu ya ndege inapiga shoti kila ukigusa chuma. Lebo imekatwa? Chomoa uzi mmoja wa ndani ya mshono, na ukifika nyumbani uuchome juu ya sinki kwa kiberiti. Sufi hunuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika. Plastiki huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Kabla ya kulipa inua nguo dhidi ya mwanga uangalie matundu ya nondo, hasa kwapani na viwikoni, kisha ifue kwa maji baridi na sabuni kidogo na uianike ikiwa imelazwa. Ukiining'iniza ikiwa imelowa itarefuka mikono.

Kuhusu leso: kati ya mablanketi yote ya safari, sijaona linaloishinda. Pamba yake ni nyepesi, inakunjika ikawa ndogo kama daftari, ni blanketi, ni mto ukiifungia sweta ndani, ni pazia la kunyonyeshea, na ni kifuniko cha macho taa zinapowashwa ghafla kwa kifungua kinywa. Ifue mara mbili tatu kabla ya safari. Mpya huwa ngumu kwa wanga wa kiwandani na inaweza kuchuja rangi kwenye nguo nyeupe. Shuka la Kimaasai lina joto zaidi, lakini mengi yanayouzwa mjini ni akriliki na hula nafasi ya begi. Chochote utakachojifunika, funga mkanda wa kiti juu yake, uonekane. Taa ya mkanda ikiwaka, mhudumu lazima ahakikishe umefungwa, na akikosa kuuona atakuamsha.

Nywele ni sura ambayo miongozo ya wageni haiigusi. Kusuka siku moja kabla ya safari ni mazoea ya Nairobi, na ni mazoea mabaya kwa ndege ya usiku. Kichwa kilichokazwa huuma zaidi kikigandamizwa kwenye kiti kwa saa 8. Suka siku tatu au nne kabla. Rasta ndefu zikifungwa fundo nyuma ya kisogo, fundo hilo linasukuma kichwa mbele na shingo itaumia. Zilaze kando, juu ya bega, au zifunge utosini kabisa. Boneti ya satini inazuia kitambaa cha kiti kunyonya mafuta ya nywele, na hakuna atakayekutazama baada ya taa kuzimwa. Mwenye hijabu achague ya jezi ya pamba iliyoshonwa, ya kuvalia tu, kwa sababu pini ya kisogoni au chini ya kidevu huchoma mara tu unapoegemea. Buibui linafaa sana kwa kulala, ila kunja pindo kiunoni kabla ya kuingia chooni.

Sidiria isiwe na waya. Vaa chupi ya pamba, na nyingine moja iwe kwenye begi la mkononi, pamoja na fulana safi. Mzazi mwenye mtoto mdogo abebe nguo mbili za mtoto na moja ya juu ya kwake. Watu hukumbuka za mtoto, halafu mtoto anamtapikia mama. Hewa ya ndani huwa na unyevu chini ya asilimia 20, kwa hiyo lenzi za macho huachwa na miwani huvaliwa, na mafuta ya midomo yasizidi mililita 100. Manukato acha nyumbani. Na suruali ya rangi za jeshi usithubutu: Kenya raia haruhusiwi kuvaa sare za kijeshi, na uwanja wa ndege si mahali pa kwenda kubishana kama yako ni sare au ni mtindo tu.

Koti zito la unakokwenda lisiingie kwenye sanduku linaloshuka chini. London mwezi wa Januari asubuhi huwa nyuzi chache tu juu ya sifuri, na wakati mwingine ndege haiegeshwi kwenye daraja: mnashuka ngazi, mnangoja basi uwanjani, upepo unawapiga. Koti jepesi lililojazwa manyoya ya bata, linalokunjika, ndilo bora, kwa kuwa usiku kucha litakuwa mto. Wanaopitia Doha au Dubai mwezi wa Agosti mambo ni kinyume, nje ni zaidi ya nyuzi 40 na ndani ya jengo kiyoyozi kinauma, kwa hiyo sweta lenu libaki mkononi.

Kama dakika 40 kabla ya kutua, kabla foleni ya choo haijawa ndefu, amka, tembea ujia mara mbili, zungusha vifundo, kisha legeza kamba za viatu mpaka mwisho na uvivae polepole. Soksi za kubana zibaki mpaka ufike ulikoandaliwa kitanda, maana bado kuna foleni ya pasi ya kusimama.