Kwa nini niliacha kudai hafla ya Wachina na ya Wataiwani ziunganishwe

Septemba 2024 nilikuwa mjumbe wa kamati ya wanafunzi wa kigeni katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la Ohio, Marekani, na kazi niliyopewa ilikuwa kugawa kumbi pamoja na fedha kidogo zilizotengwa kwa vyama vya wanafunzi. Mapema mwezi huo yalinifikia maombi mawili ya sikukuu moja. Wanafunzi wa China walihitaji ukumbi mkubwa jioni ya Jumamosi tarehe 14, nao wanafunzi wa Taiwan walihitaji uwanja wa nyasi ulio nyuma ya maktaba usiku wa Jumanne tarehe 17, na wote walikuwa wakiiadhimisha Sikukuu ya Katikati ya Vuli, inayoangukia siku ya 15 ya mwezi wa nane wa kalenda yao. Nililiona jambo hilo kuwa jepesi. Nilipendekeza hafla ziunganishwe ili ukumbi uwe mmoja na gharama iwe moja, nikawatumia viongozi wa vyama vyote viwili nikiamini kwamba nimewatendea wema.

Wote wawili walikataa siku hiyohiyo, kwa adabu.

Dada aliyeongoza chama cha Taiwan, mzaliwa wa Tainan, aliomba tuonane. Alinitandazia mezani mabango mawili, la chama chake na la chama cha China, akanitaka nilinganishe maandishi makubwa ya jina la sikukuu. Jina hilo lina alama tatu. Mbili za kwanza zilifanana kabisa katika mabango yote mawili, lakini ya tatu ilitofautiana: kwenye bango la Taiwan ilikuwa 節, yenye mistari mingi iliyosongamana, na kwenye bango la China ilikuwa 节, ambayo hata mimi ningeweza kuinakili. Alinieleza kwamba serikali ya Beijing ilianza kurahisisha maandishi rasmi mwaka 1956, ilhali Taiwan, ambako serikali ya Jamhuri ya China, iliyoitawala China kabla ya Wakomunisti, ilihamia mwaka 1949 baada ya kushindwa nao vitani, iliendelea na maandishi ya zamani. Neno ni moja na hutamkwa vilevile, lakini kila upande ulijifunza kuliandika katika shule zake, chini ya serikali yake, na bango moja la pamoja lingelazimika kuchagua upande mmoja.

Kisha akanikumbusha Paris. Tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, Lee Yang na Wang Chi-lin wa Taiwan walikuwa wamewashinda wachezaji wa China katika fainali ya badmintoni ya wanaume wawili wawili kwenye Michezo ya Olimpiki. Walipopanda jukwaani kupokea dhahabu walitambulishwa kwa jina la Chinese Taipei, jina linalotumika tangu makubaliano ya mwaka 1981, na bendera iliyopandishwa ilikuwa nyeupe yenye ua la mpulamu na duara tano za Olimpiki, wala si bendera inayopepea nyumbani kwao. Dada yule aliyasema hayo bila kupaza sauti. Alisema tu kwamba katika mwaka mzima wa masomo usiku wa sikukuu hii ndio pekee ambao wao wenyewe huandika jina lao mlangoni.

Kaka aliyeongoza chama cha China, mwenyeji wa Chengdu, alikuwa na sababu nyingine. Hakunificha kwamba kwa imani yake Taiwan ni sehemu ya China na kwamba jina la Taiwan likiandikwa sambamba na jina la nchi yake wanachama wengi wangeondoka. Lakini alikaa zaidi katika jambo ambalo sikulitarajia. Sikukuu hii, alisema, ni ya familia kurejea kwenye meza moja, na mwezi unaoandamwa na macho ya wote ni duara kamili kama mviringo wa meza hiyo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyefika Ohio wiki nne tu zilizopita ataikosa meza ya mama yake kwa mara ya kwanza maishani, na yeye kama kaka yao mkubwa alitaka wapate jioni tulivu, wasikilize muziki wa kwao na wasilazimike kumweleza mtu yeyote chochote.

Nilirudi chumbani nikiwa na haya. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeombwa niwapikie wageni wali wa Afrika Magharibi kwa sababu tu nimetoka Afrika, na mimi ni mtu wa Tanga ambaye hajawahi kuupika. Nilichukia sana siku ile. Sasa nilikuwa nimewafanyia wenzangu jambo lilelile kwa kalamu ya kamati, tena juu ya mgogoro ambao kwao si wa vitabuni. Niliifuta barua ya pendekezo na kuidhinisha maombi yote mawili kama yalivyoandikwa.

Jumamosi niliingia ukumbini mapema. Binti mmoja aliyevaa hanfu, vazi la kale lenye mikono mipana, alikuwa akipiga guzheng, ala ya nyuzi 21 inayolazwa juu ya miguu miwili, na sauti yake ilinifanya nielewe mara moja kwa nini kaka wa Chengdu hakutaka jioni yake ichanganywe na moshi na kelele za majiko ya kuchomea nyama ya Wataiwani. Juu ya vichwa vyetu zilining'inia taa za karatasi, na chini ya kila taa palikuwa na kipande cha karatasi chenye fumbo. Anayelifumbua hukichukua na kupewa zawadi. Mafumbo mengi huchezea maumbo ya maandishi, hivyo sikuambulia hata moja, lakini waliponiambia nitege la kwetu niliwapa la watoto: nyumba yangu haina mlango. Mwanafunzi mmoja alitazama keki ya mwezi, keki ya duara inayoliwa katika sikukuu hii, aliyokuwa ameikata vipande vinne, akakiona kiini cha yai la bata la chumvi kilichofungwa katikati mfano wa mwezi mpevu, akapaza sauti kwamba ni yai.

Walisimulia pia habari za Chang'e, mke wa mlenga mishale Hou Yi aliyeangusha majua tisa kati ya kumi yaliyokuwa yakiunguza dunia. Chang'e alikunywa dawa ya uzima wa milele akapaa hadi mwezini, na huko anaishi pamoja na sungura anayetwanga dawa. Msimuliaji hakuishia hapo. Alionesha picha za chombo cha China kilichopewa jina hilohilo, Chang'e-6, ambacho tarehe 25 Juni mwaka ule kilirudisha duniani udongo wa upande wa mwezi usioonekana kutoka huku kwetu, udongo wa kwanza kuwahi kuletwa kutoka upande huo. Nilimwona mzee mmoja, nadhani baba wa mwanafunzi aliyekuja kumtembelea mwanawe, akifuta machozi.

Jumanne palinuka mkaa tangu magharibi. Taiwan husherehekea usiku huu kwa kuchoma nyama nje, desturi ambayo wengi huihusisha na matangazo ya sosi ya soya ya miaka ya 1980, na kwa mtu aliyekulia kando ya majiko ya mishikaki sikuhitaji kuelekezwa pa kusimama. Palikuwa na mabalungi pia, kwa sababu jina la tunda hilo hutamkwa kama neno la kukinga na kubariki, na watoto wa walimu walivikwa maganda yake vichwani kama kofia.

Nilipopewa chai ya maziwa yenye punje nyeusi, kinywaji kilichozaliwa Taiwan katika miaka ya 1980, niliuliza punje zile ni za nini. Ni wanga wa muhogo. Mmea huo asili yake ni Amerika ya Kusini, Wareno wakauleta Afrika, na kwetu tunaula kwa nazi au umechomwa na kupakwa pilipili. Nikasema neno chai, nao wakacheka kwa furaha, kwani kwa Kimandarini huitwa chá, na neno letu limetokana na hilo kwa kupitia Uajemi na Bara Hindi. Dada wa Tainan akaongeza kwamba bibi yake, anayezungumza Kihokien, aina ya Kichina cha Fujian na Taiwan, husema tê, na kwamba Waholanzi waliofanya biashara pwani ya Fujian na Taiwan katika karne ya 17 ndio waliolipeleka neno hilo Ulaya.

Mwezi ulipopanda juu ya maktaba nilihesabu. Maulidi ilikuwa ndiyo kwanza imepita, nasi hutaja mwezi wa usiku wa 14 tunapomsifu mtu kwa uzuri, ilhali wao husema wa 15. Tofauti hiyo inatokana na kwamba mwezi wao huanza siku mwezi unapofichwa na jua, nasi tunangoja uandame tuuone kwa macho.

Kaka wa Chengdu alifika akiwa peke yake, mkononi ana boksi la keki zilizobaki Jumamosi. Hakuna aliyemwuliza chochote. Alipewa sahani ya nyama, akakaa karibu nami, na tulizungumza juu ya mitihani.

Mwaka 2025 nilikuwa bado kwenye kamati. Kalenda yao iliurudia mwezi wa sita mara mbili ili usipishane na majira, kwa hiyo sikukuu ilisogea hadi tarehe 6 Oktoba, na nyasi zilikuwa zimeanza kuwa baridi. Katika fomu ya kuomba ukumbi niliongeza mstari mmoja unaotaka kila chama kiandike jina la hafla kwa maandishi yake chenyewe, na mabango yalipochapishwa nilihakiki alama ya tatu moja baada ya nyingine kabla ya kuyatia sahihi.