Mradi wa Cosel: ukanda wa anguko umefika Stolpen

Kadi za maisha ya Anna Constantia von Brockdorff (baadaye von Cosel), kimada wa August Mwenye Nguvu, mtawala wa Saksonia huko Ujerumani, zimepangwa ukutani hadi mwaka 1716, alipoanguka na kufungwa. Kila kadi (sm 10 kwa 15) ina tarehe, mahali, na mstari mmoja wa chini: hati iko kwa nani. Mstari huo ndio uti wa mgongo wa kazi yote.

Hati yenyewe ni ahadi ya siri ya Desemba 1705. August alikubali kwamba mkewe, malkia Christiane Eberhardine, akifariki, Constantia ndiye atakayekuwa mke halali. Simulizi nyingi humtwisha lawama za anguko la Constantia Maria Magdalena von Dönhoff, kimada mpya aliyeingia 1713. Ni kweli kwamba August, akiwa amerudishiwa taji la Poland mwaka 1709, alihitaji kuwaridhisha wakuu wa huko, na Dönhoff alikuwa Mkatoliki, binti wa mkuu wao mmoja. Lakini vimada walibadilishwa kila mara bila kufungwa gerezani. Constantia alifungwa kwa sababu alikataa kuirudisha karatasi.

Chini ya kadi kuna ukanda wa umbali kutoka ikulu ya Dresden, kipimo sm 1 kwa km 5. Taschenbergpalais, jumba alilojengewa na kuunganishwa na ikulu kwa ujia, linaangukia kwenye sifuri. Pillnitz, alikopelekwa 1713, ni kama sm 2. Berlin, alikokimbilia Desemba 1715 kuifuata hati aliyokuwa amemkabidhi jamaa yake wa ukoo wa Rantzau, ni takribani sm 33, kwa hiyo kateni karatasi ndefu mapema. Alikamatwa mjini Halle, katika dola ya Prussia, Novemba 1716. Prussia ikamtoa kwa Saksonia, nayo ikarudishiwa askari wake watoro. Akapitishwa mji wa Nossen, na tarehe 24 Desemba akaingizwa ngome ya Stolpen: sm 5 tu. Ukuta unaonyesha wazi kwamba aliwekwa karibu na Dresden, palepale anapoweza kulindwa.

Makosa yanayojirudia ni ya majina. Ukitafuta „Cosel“ kabla ya 1706 hupati kitu, maana cheo hicho cha ukabaila alikipata mwaka huo, kabla yake tafuta Brockdorff, na kuanzia 1703 Hoym, jina la mumewe. August ni Friedrich August I huku Saksonia na August II kule Poland; mwanawe wa ndoa ni Friedrich August II na August III; na mtoto wa kiume wa Constantia, aliyezaliwa 1712, naye ni Friedrich August. Hapo andika mwaka wa kuzaliwa kando ya jina, la sivyo kadi zitachanganyika.

Kosa jingine ni „miaka 49 mnarani“. Alifariki 31 Machi 1765, kwa hiyo kifungo ni miaka 48 na miezi 3. Tena, mwanzoni hakukaa mnarani; aliwekwa kwenye Zeughaus, ghala la silaha, na mnara wa Johannis alihamia baadaye.

Kinachofuata ni kadi mbili zitakazowekwa jirani: 1727, malkia anafariki, na 1733, August anafariki. Ya kwanza itapakwa rangi nyekundu, kwa kuwa ndiyo siku ambayo ahadi ya 1705 ilipaswa kutimizwa.