Maneno Manne ya Laoshi

Tangu Jumanne sijatulia. Dada ameposwa, mahari imekubaliwa, na ofisi yetu imehamia ghorofa ya tatu, lakini kinachonirudia usiku ni mazungumzo yasiyozidi nusu dakika.

"Shairi umelisoma?" Laoshi, yaani mwalimu kwa Kichina, aliniuliza mbele ya darasa zima.

"Nimelisoma, Laoshi."

"Umelielewa?"

"Kiasi."

Akatabasamu, akasema, "Bu qiu shen jie," kisha akamgeukia aliyeketi nyuma yangu.

Darasa lilicheka, kwa kuwa sote tulikwisha kufundishwa kwamba hivyo ndivyo anavyosemwa msomaji mvivu, anayeridhika na juujuu ya jambo asijali kilichomo ndani. Nami nikacheka, kicheko cha kujikinga. Ila lile tabasamu lilikuwa la nini?

Alhamisi usiku niliufuata msemo huo hadi kwenye chimbuko lake. Tao Yuanming, mshairi wa China aliyefariki mwaka 427, ambaye mwaka 405 aliuacha ukuu wa wilaya ya Pengze baada ya siku 80 hivi akarudi shambani, aliandika wasifu mfupi wa Bwana wa Mierebi Mitano, fukara mpenda mvinyo ambaye wengi humwona kuwa ni Tao mwenyewe. Bwana huyo alipenda kusoma, wala hakutafuta ufafanuzi uliopindukia: ndiyo hayo maneno manne ya Laoshi. Na kila alipoguswa na maana, furaha ilimsahaulisha chakula. Kumbe ilikuwa sifa! Wasomi wa enzi ya Han, nasaba iliyotawala China kabla ya Tao, walikuwa wamerundika maelezo juu ya vitabu vya kale, hata ikasimuliwa kwamba mmoja wao alitumia maneno zaidi ya laki moja kueleza maneno mawili tu ya kichwa cha sura, na mtu wa mierebi alijitenga na mashindano ya namna hiyo bila kukiacha kitabu chenyewe. Vizazi vya baadaye vilishika nusu ya kwanza ya sentensi, vikaiacha ya pili, na sifa ikageuka lawama.

Nililala nikiwa nimefarijika, nikiamini kwamba Laoshi alinisifu kwa siri. Asubuhi nikakumbuka kuwa mchana ule wa Jumanne, mara tu baada ya darasa, nilikula wali samaki na kuongeza sahani ya pili. Nusu ya pili ya sentensi, basi, hainihusu kabisa.

Jumanne ijayo nitamuuliza, nikithubutu. Kwa sasa nawaza kwa nini dada hajapiga simu tangu wakwe waondoke.