Siku Mama alipopuliza mashine

Mama amekausha samaki kwa moshi pale Majanji, ufukweni mwa Ziwa Viktoria, wilaya ya Busia, Uganda, kwa zaidi ya miaka 30. Sangara juu ya waya, kuni chini, na yeye ameinama katikati ya moshi akiwageuza tangu alfajiri. Sigara hajawahi kuigusa. Kwa hiyo alipoanza kukohoa kila asubuhi, kisha kuhema akibeba hata ndoo moja ya maji, hakuna kati yetu aliyefikiria mapafu. Tulisema ni umri. Alikuwa na miaka 58 tu.

Tulizunguka miaka mitatu. Kituo cha kwanza cha afya kilimpa antibayotiki, cha pili vilevile. Hospitali moja ikampima makohozi, majibu yakasema hana kifua kikuu, lakini kwa kuwa picha ya kifua ilionyesha alama, akaanzishiwa dawa za TB. Alizimeza miezi 6 bila kukosa siku. Majirani wakaanza kumtengea kikombe chake. Hilo lilimuumiza kuliko kikohozi chenyewe, na mimi mpaka leo linaniuma. Dozi ikaisha, pumzi ikabaki ileile.

Aliyetufungua macho ni muuguzi mmoja, mwanamama wa Malaba, aliyemuuliza kwa Kiswahili: "Mama, kazi yako ni gani? Nyumbani unapikia nini?" Katika miaka mitatu hakuna aliyekuwa ameuliza hivyo. Mama akamweleza habari za tanuri. Muuguzi akaandika kwenye daftari la shule, ambalo huku kwetu ndilo faili la mgonjwa: moshi wa kuni, miaka 30. Kisha akanigeukia. "Dada, mpeleke Kampala akapulize mashine. Picha ya kifua peke yake haitoshi. Omba spairometri, kipimo cha nguvu ya pumzi, kwa jina hilohilo." Nikaliandika nyuma ya daftari, tukaomba barua ya rufaa, tukauza mbuzi wawili.

Tulifikia kwa shangazi Kawempe, asubuhi tukaenda Mulago, mahali ilipo Taasisi ya Mapafu ya Chuo Kikuu cha Makerere. Boda ilituacha chini kidogo, na ule mwinuko mfupi Mama aliupanda kwa kusimama mara nne, mkono ukutani, midomo imekuwa ya kijivu. Nilitamani kumbeba.

Kipimo chenyewe ni hivi. Walimbana pua kwa kibanio, wakamwekea mrija mdomoni, wakamwambia avute hewa mpaka kifua kijae, halafu apulize kwa nguvu zake zote bila kukata. "Puliza, puliza, puliza, bado, bado!" Ni kama sekunde 6, lakini kwa mtu asiye na pumzi ni muda mrefu mno. Akarudia mara tatu. Wakampa dawa ya kuvuta, tukasubiri robo saa, akapuliza tena. Daktari akatueleza kwamba wanaangalia ni kiasi gani cha hewa yote kinachotoka katika sekunde ya kwanza. Hata baada ya dawa, kikiwa chini ya asilimia 70, njia za hewa zimebanwa. Cha Mama kilikuwa 54. Ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Hauambukizi. Mama alimwomba daktari arudie neno hilo la mwisho, na daktari akalirudia taratibu.

Daktari hakutuficha: kilichoharibika hakirudi, ila dawa hupunguza kuhema na kuzuia hali kuzidi ghafla. Baadaye nilisoma kuhusu utafiti wa Masindi uliochapishwa mwaka 2015. Kati ya kila watu 100 waliozidi miaka 30, kama 16 walikuwa na ugonjwa huu, na karibu wote waliishi na moshi wa kuni. Nilikaa na ile karatasi muda mrefu.

Inhela, kile kikopo cha dawa ya kuvuta kwa mdomo, alikuwa ameshapewa zamani, na haikumsaidia. Kule Mulago ndiko tulikojua sababu: alikuwa akiibonyeza na dawa inaishia ulimini. Walitufundisha kutumia chupa ya plastiki ya nusu lita. Unatoboa kitako kwa ukubwa wa mdomo wa inhela, unaibana isivuje, mgonjwa anaweka midomo kwenye shingo ya chupa. Tikisa inhela, toa pumzi, bonyeza mara moja, vuta taratibu, zuia pumzi ukihesabu mpaka kumi. Chupa inaoshwa kwa maji ya sabuni na kuachwa ikauke yenyewe, bila kufutwa. Akitumia inhela ya kila siku, yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), lazima asukutue mdomo baadaye, la sivyo anaota utando mweupe mdomoni. Kama una mgonjwa nyumbani, mwombe akuonyeshe anavyovuta kabla hujasema dawa haifanyi kazi.

Wakamfundisha pia kupumua: vuta kwa pua, toa polepole kwa midomo iliyobanwa kama mtu anayepoza uji. Na mazoezi, kitu ambacho mimi nilikipinga kwa kuogopa atazidiwa. Nilikosea. Alianza kwa kutembea kutoka jikoni hadi mwembeni, sasa anafika barabarani, na anainua chupa mbili za maji akiwa ameketi.

Dawa ndiyo shida iliyobaki. Hospitali ya serikali huwa inaishiwa, tunanunua famasi, mwezi mwingine tunakopa. Tunarudi kliniki kila miezi mitatu.

Tanuri alimwachia mdogo wangu, na tangu Januari yeye naye anakohoa asubuhi. Jiko la Mama nimelihamishia nje, chini ya paa lisilo na kuta, lakini tanuri la samaki bado ni lilelile. Jumatatu tunapanda gari la Kampala watatu.