Ratiba Yangu Huanza Jioni
Kwa miezi mingi nilijilazimisha kuamka saa kumi alfajiri nifanye mazoezi, kwa kuwa wengine walisifu sana alfajiri. Nilichoka tu. Mimi ni mtu wa usiku, nachelewa kulala, na mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi. Nilikuwa najinyima.

Sasa natembea dakika 20 jioni, peke yangu. Saa tatu usiku simu inabaki sebuleni, maana mwanga wake huchelewesha melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala. Kisha naandika mistari mitatu daftarini: kilichoniuma, kilichonifurahisha, ninachokiahirisha. Huo wa tatu ndio unaonifaa zaidi. Wasiwasi nikishauandika, hauniamshi tena usiku wa manane.

Jumapili napumzika, hata daftarini siandiki.