Kuitembea Samora yote

Kama uko Dar na jumapili huna ratiba, shuka Posta uitembee Samora Avenue yote kwa mguu, siku za kazi haitembeleki, jua, magari yamepaki mpaka kwa wapita njia, kelele, huoni kitu. Anzia upande wa bustani ya Botaniki karibu na Makumbusho ushuke taratibu.

Jina lenyewe limebadilika sana. Mjerumani aliuita Unter den Akazien, Muingereza hata hakujisumbua, akaligeuza kilugha chake tu ukawa Acacia Avenue, tulivyopata uhuru ukawa Independence, na sasa ni Samora, kwa heshima ya Samora Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji.

Pale unapokutana na mtaa wa Azikiwe ndo kuna yule askari wa shaba, wa kuwakumbuka Waafrika wa vita vya kwanza vya dunia, bunduki na singe kaelekeza bandarini. Kabla yake ilisimama sanamu ya Hermann von Wissmann, yule Mjerumani aliyetumwa kuzima vita vya Abushiri, watu wa pwani waliowapinga Wajerumani. Waingereza walivyoiteka Dar 1916 wakamng'oa, akaja kusimamishwa tena Hamburg, na huko nako wanafunzi wakamwangusha 1968 (safi sana). Askari wetu kawekwa 1927. Jamani mkifika zungukeni msingi wote msome, kuna kiingereza, kiswahili cha kawaida na kiswahili cha herufi za kiarabu, na aliyetunga maneno ni Rudyard Kipling. Wengi wanapiga picha ya bunduki wanasepa, wakati maandishi yanawataja na wapagazi, na hao ndo waliokufa kwa makumi ya maelfu, njaa na magonjwa, mizigo yenyewe ya vita isiyowahusu.

Katikati hapo ni maduka na maofisi, pita tu.

Mwisho ni Mnara wa Saa, wa 1961 Dar ilipopewa hadhi ya jiji. Watu wengi wanaishia hapo, ila ukivuka unaingia mtaa wa Nkrumah, na Nkrumah ndo kulikuwa na ofisi ya Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoanzishwa hapa hapa Dar 1962. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa Frelimo, alipita ofisini kuchukua barua zake, akaenda kuzifungulia Oysterbay, kwenye kifurushi kimoja cha kitabu kulikuwa na bomu, likamuua. Samora, ambaye alikuwa nesi kabla ya yote haya, alifika Dar 1963 kujiunga nao, kwa hiyo mitaa hii aliikanyaga miaka mingi kabla hajapewa wa kwake.