Majina ya folda: mwishowe seva imekataa kosa langu

Imekubali! Leo asubuhi nimerudia kosa la mwezi jana, la kufuta folda isiyo yenyewe, mara kumi na moja kwenye folda za majaribio, na hakuna kilichofutika.

Kwa anayefuata mradi: ni zile sauti za wazee wavuvi wa Dunga, zilizo kwenye seva yangu, kompyuta ndogo juu ya kabati langu hapa Kisumu. Folda zilikuwa tatu: rekodi, rekodi_mpya, rekodi_zamani. Nilitaka kufuta ya zamani. Nikaandika rm -rf rek (rm -rf ni amri inayofuta bila kuuliza), nikabonyeza Tab, kitufe kinachomalizia jina, jina likajaa, nikagonga Enter. Kumbe Tab ilifika "rekodi" ikasimama, kwa kuwa majina yote matatu yanafanana hadi hapo, na hapo penyewe ndipo jina la folda hai, ile ninayoitumia, lilipoishia. Haikuweka hata mkwaju (/) mwishoni, dalili kwamba bado inangoja herufi nyingine. Sikuuangalia. Sauti 38 zikaenda. Mzee mmoja kati ya hao ameshafariki. Yake niliipata kwa sababu tu kadi ya kinasa sauti haikuwa imefutwa. Nililala saa kumi usiku.

Ugonjwa uko mkiani. Tofauti tunaiweka mwisho wa jina, na mkono unaanzia mwanzo. GitLab, kampuni inayohifadhi msimbo wa programu, tarehe 31 Januari 2017, fundi aliyekuwa akifuta data alidhani yuko kwenye seva db2, kumbe yuko db1. Alipokatiza amri, kati ya GB 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5. Tarakimu moja, ya mwisho.

Na "mpya" hainidanganyi tena. Ilikuwa mpya mwezi wa tatu.

Sasa ni hai-rekodi na nakala-2025-08-14-rekodi, mwaka ukitangulia ndani ya tarehe ili ls, amri ya kuorodhesha folda, izipange yenyewe. Kuweka rangi nyekundu ya onyo kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, nilijaribu. Wiki mbili tu jicho likaizoea. rsync, programu ya kunakili mafaili, naipenda sana, lakini mkwaju wake unanikera: ukiuweka mwisho wa chanzo inanakili yaliyomo, ukiuacha inanakili folda nzima. Mkia tena!

Jana nilikuwa nimepanga kutuma nakala ya pili kwa dada yangu Nakuru. Sikuigusa. Stima ilipotea, na nikiwa gizani likanijia hili: folda isifutwe kamwe ikiwa na jina lake la kazi. Kwanza ibadilishwe iwe tupa-, ikae siku saba, na skripti yangu (faili la amri) ya mistari minne ifute tu kinachoanza na tupa-. Ya kwanza kuingia ni tupa-rekodi_zamani. Zimebaki siku sita.